Ukuta wa magharibi: mwongozo kamili wa kuukinga na joto kwa nje

Saa tatu usiku, jua likiwa limeshazama zamani, weka kiganja kwenye ukuta wa chumba chako unaotazama magharibi. Kama nyumba ni ya tofali za saruji za nchi sita, na uko Dar, Tanga au Mombasa, utaukuta una vuguvugu kama chungu kilichoipuliwa kitambo. Halafu gusa ukuta wa kusini au wa kaskazini. Tofauti utaiona bila kipimajoto. Vuguvugu hilo ni jua la saa tisa na saa kumi alasiri. Limechukua saa nne au tano kupenya tofali, na sasa linaingia chumbani wakati uleule unapowasha AC ulale. Mashine inanguruma hadi usiku wa manane ikishindana na ukuta, na Luku, umeme wa kulipia kabla, inakwenda.

Nimesimamia kazi hii kwenye nyumba kadhaa, ya kwanza ikiwa yangu mwenyewe, na ninaloliamini ni hili: kwa nyumba za pwani si lazima uvalishe kuta zote bodi za stairofomu, zile nyeupe nyepesi za kuzuia joto. Valisha ule unaopigwa na jua la jioni, uvalishe kwa nje, na uifanye kazi kwa subira. Ukuta mmoja uliofanywa vizuri ni bora kuliko kuta nne zilizofanywa kwa kulipua.

Anza na paa, kivuli na rangi

Karibu na ikweta jua la mchana husimama utosini, kwa hiyo paa hupokea joto jingi kuliko ukuta wowote. Kama chini ya bati hakuna dari, au dari ipo lakini hewa ya juu yake haina pa kutokea, fedha yako ipeleke huko kwanza.

Kisha angalia chumba chenyewe kinapozwaje. Chumba kinachotegemea madirisha wazi na feni hakifaidiki sana na bodi za ukutani, maana hewa ya nje inaingia na kutoka inavyotaka. Hapo kivuli na rangi nyeupe vinatosha. Bodi zinalipa pale madirisha yanapofungwa na mashine ikapoza kwa saa nyingi. Zinalipa pia kwenye baridi, Njombe, Makete au Limuru, ambako kazi yake ni kuzuia joto lisitoke. Huko utavalisha kuta zote zinazozunguka vyumba unavyopasha moto, lakini ufundi ni huuhuu.

Kwa nini magharibi? Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, Desemba liko upande wa kusini, na nyakati zote mbili liko juu, likiuparaza ukuta tu. Linaposhuka asubuhi na jioni ndipo linapoupiga uso kwa uso. La asubuhi linaikuta nyumba imepoa. La jioni linakuta hewa, ardhi na tofali vyote vimeshapata moto. Kwa hiyo magharibi kwanza, mashariki baadaye kama mfuko unaruhusu.

Wengi hudhani paa lililotokeza linamaliza tatizo. Pima mwenyewe: saa kumi alasiri jua liko nyuzi kama 35 tu juu ya upeo, na paa lililotokeza sentimita 60 linakinga sentimita 40 hivi za juu ya ukuta. Zilizobaki zote ziko juani. Kinachosaidia upande huo ni kivuli kilichosimama wima: mti, kibaraza cha makuti, au fito zenye mimea inayotambaa, zikiachana na ukuta angalau hatua moja ili hewa ipite. Mwarobaini ukishashika hauhitaji kumwagiliwa. Uupande mbali na msingi, mita tano au zaidi.

Rangi nayo si urembo tu. Ukuta wa kahawia iliyokoza hunyonya takribani robo tatu ya jua linaloupiga. Mweupe safi hurudisha kiasi kama hicho.

Hesabu kidogo kabla ya kwenda dukani

Chukua ukuta wa magharibi wenye mita 10 za mraba ukiondoa dirisha: tofali ngumu za nchi sita, lipu ndani na nje, rangi ya krimu iliyochakaa. AC imewekwa nyuzi 24, inafanya kazi usiku na mchana. Ukuta wa aina hiyo hupitisha takribani wati 3 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani. Tukichukua tofauti ya wastani ya nyuzi 7, joto la jua likiwa limejumlishwa, zinaingia wati 210 muda wote, yaani uniti 5 za joto kwa siku (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja). AC nzuri huondoa uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme. Ukuta huo peke yake, basi, unakula karibu uniti 1.7 kila siku. Ukiupaka nyeupe zinashuka hadi 1.2 hivi. Ukiuvalisha stairofomu ya sentimita 5, zinabaki 0.3 au 0.4.

Akiba hiyo ni uniti kama 40 kwa mwezi kwa ukuta mmoja. Anayewasha AC usiku tu ataokoa uniti chache kuliko hizo, lakini ndiye anayeonja tofauti mapema, kwa sababu ile vuguvugu ya saa tatu usiku haiingii tena chumbani.

Kwa nini nje na si ndani? Ukibandika bodi kwa ndani, tofali linabaki linachemka kutwa, na nafasi ya chumba inapungua. La pili ni unyevu. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa majimaji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini. Mvuke unatoka nje kwenda ndani, unakuta sehemu iliyopozwa na AC, unageuka maji, na ukungu mweusi unaota mahali usipopaona. Kwa sababu hiyohiyo, ukuta utakaouvalisha kwa nje usiupake rangi ya mafuta wala kuubandika karatasi za plastiki kwa ndani. Rangi ya maji tu, ili unyevu kidogo utakaopita upate pa kukaukia.

Nyumba za mawe usiziguse

Kuta za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe Zanzibar, za Lamu na za Mombasa ya zamani zina unene wa karibu nusu mita. Zinachelewesha joto zenyewe, na chokaa yake inapumua. Ukizifunika kwa stairofomu na saruji, unyevu unakwama ndani na chokaa inaanza kumeguka kama mkate mkavu. Zaidi ya hapo, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo huwezi kubadilisha sura ya nje bila kibali. Huko rekebisha lipu ya chokaa kwa chokaa, kisha paka chokaa nyeupe.

Vitu vya kununua

Bodi za stairofomu ni zile nyeupe zenye punje, ndugu wa zile zinazokuja kwenye boksi la friji, ila hizi zimeshindiliwa zaidi. Saizi ya kawaida ni sentimita 100 kwa 50, na kwa ukuta wa pwani unene wa sentimita 5 unatosha. Nenda dukani na mzani. Bodi ya saizi hiyo yenye unene wa sentimita 5 iwe na gramu 375 hadi 500. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, ukiibonyeza kidole kinazama, na ukutani itabonyea kila ngazi itakapoegemezwa. Uliza iliyotiwa dawa ya kuchelewesha moto, na ijaribu kipande: choma ukingo kwa kiberiti, mbali na vitu vingine; iliyotiwa dawa hunywea na kuzima moto unapouondoa, isiyotiwa huendelea kuwaka.

Kwa ukuta wa mita 10 za mraba nunua bodi 22, gundi ya unga ya saruji mifuko minne ya kilo 25, wavu wa nyuzi za kioo mita 12 za mraba, na fisha 60 zenye kofia pana ya plastiki, zile zinazofanana na mwavuli. Urefu wa fisha ujumlishe: bodi sentimita 5, gundi 1, lipu ya zamani 2, na ndani ya tofali si chini ya 3. Ongeza kona za plastiki zenye wavu, reli ya alumini ya kuanzia chini, silikoni ya nje, praima na rangi nyeupe ya nje inayovutika.

Wavu uwe ule uliopakwa kinga dhidi ya saruji. Usio na kinga huliwa na saruji, na baada ya muda unabaki jina tu.

Gundi ndiyo roho ya kazi. Ukikosa iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi, gundi bora ya vigae vya nje inaweza kutumika, lakini ipime kwanza: bandika kipande cha bodi ukutani, kiache siku tatu, kisha king'oe kwa nguvu. Stairofomu ikichanika na nyingine ikabaki ukutani, gundi ni nzuri. Kipande kikitoka kizima, achana nayo. Na kamwe usitumie gundi ya viatu wala kitu chochote chenye tina au petroli, maana kinaiyeyusha stairofomu ukiangalia.

Hatua ya kwanza: usafi na ukaguzi

Gonga ukuta wote kwa nyuma ya nyundo. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachia. Bomoa, piga upya, subiri ikauke. Rangi inayobanduka ikwanguliwe kwa brashi ya waya. Kisha bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zake kwa utepe wa gundi, ukiache siku nzima. Ukikuta matone kwa ndani ya nailoni, ukuta una maji. Tafuta yanakotoka, bomba linalovuja, gata iliyoziba, ardhi iliyolundikwa juu ya msingi, na umalize hilo kwanza.

Ng'oa grili za nje, taa na vishikio vya bomba. Nyaya za umeme zinazotambaa ukutani ziingizwe kwenye mabomba yake magumu: plastiki laini ya waya ikigusana na stairofomu kwa muda mrefu hukauka na kupasuka. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme, umeme ukiwa umezimwa.

Hatua ya pili: mstari wa chini

Piga mstari kwa pima maji sentimita 30 juu ya ardhi, ufunge reli ya alumini. Usishuke chini ya hapo hata fundi akikwambia inapendeza. Mchwa hawali stairofomu, lakini wanaitoboa na kupita ndani yake hadi kwenye fremu na kenchi bila kuonekana. Zile sentimita 30 zilizo wazi ndiyo sehemu yako ya kuona njia zao za udongo. Pia zinaepusha bodi na matope yanayoruka mvua ya masika inapopiga chini.

Hatua ya tatu: kubandika

Ukuta wa magharibi ufanyie kazi asubuhi, ukiwa kivulini, na uweke chini mwiko kabla jua halijahamia upande huo. Gundi iliyopigwa na jua hukauka juu kabla haijashika.

Changanya gundi kiasi cha kutumia kwa nusu saa. Paka mkanda wa gundi kuzunguka kingo zote za bodi, halafu weka vidonge vitatu katikati. Ukibandika bodi na kuing'oa palepale, gundi iwe imegusa angalau asilimia 40 ya mgongo wake. Ule mkanda wa pembeni usiuache hata kidogo. Bodi iliyobandikwa kwa vidonge vitupu inaacha uwazi nyuma yake. Hewa inapanda kama kwenye dohani, na moto ukitokea unapanda kwa njia hiyohiyo.

Anzia kona ya chini, panga kama tofali, kila msitari ukivunja viungo vya ule wa chini. Sukuma bodi ziguse sawasawa. Gundi isiingie katikati ya bodi mbili, kwa sababu itapitisha joto na baadaye ufa utafuata hapohapo. Mwanya ukitokea, ujaze kwa ukanda wa stairofomu uliokatwa, si kwa saruji.

Kwenye pembe za dirisha tulia. Kiungo cha bodi kisiangukie kwenye kona ya dirisha. Chukua bodi nzima, ikate umbo la herufi L ikumbatie kona. Kwenye nyumba yangu fundi alipanga viungo vikashuka sambamba na kona, nami nikaviona nikanyamaza kwa kuwa jioni ilikuwa imefika. Baada ya masika moja ufa ulitoka kwenye kona zote mbili za juu, ukishuka mshazari kama mstari wa penseli, na maji yakafuata. Tulikata na kurudia. Tangu hapo kona ya dirisha ndiyo mahali ninapokaa na fundi mpaka amalize.

Kuta za pembeni za dirisha, pale fremu inapozama, nazo zivalishwe bodi nyembamba ya sentimita 2. Kizingiti cha chini kirefushwe kitokeze sentimita 3 au 4 mbele ya uso mpya, na chini yake kiwe na mfereji mdogo wa kudondoshea maji.

Hatua ya nne: kusawazisha na fisha

Acha siku mbili au tatu. Pitisha msasa mgumu juu ya viungo vilivyoinuka. Uso ukiwa umegeuka njano kwa kukaa juani, usugue mpaka urudi mweupe, kwa sababu ule unga wa njano haushiki kitu. Fagia vumbi, okota punje zote kabla upepo haujazipeleka kwenye mitaro.

Toboa kwa drili na uweke fisha sita kwa kila mita ya mraba, kwenye makutano ya bodi na katikati. Kofia ikae sawa na uso wa bodi. Ikizama itaacha shimo, ikichomoza itaonekana kama chunusi jua la jioni linapoumulika ukuta kwa pembeni.

Hatua ya tano: wavu

Kwanza kona: bandika kona za plastiki, na kwenye kila pembe ya dirisha bandika kipande cha wavu cha sentimita 20 kwa 40 kikiwa mshazari. Kisha paka gundi milimita 3 kwenye bodi, lalisha wavu juu yake gundi ikiwa bado mbichi, ubonyeze kwa mwiko kutoka katikati kwenda pembeni, na upitishe tabaka jembamba juu mpaka vishimo vyake vifichike. Vipande vilaliane sentimita 10.

Mafundi wengi hutundika wavu moja kwa moja kwenye bodi, wakaupaka kwa juu. Usikubali. Wavu uliolala chini ya gundi hauzuii ufa. Unatakiwa uwe ndani ya gundi, karibu na uso. Ukitaka kuhakikisha, kwangua sehemu ndogo kabla haijakauka uone umekaa wapi.

Unene wote uwe milimita 4 au 5. Acha ikauke siku moja kwa kila milimita, ikikingwa na jua kwa turubai.

Hatua ya sita: rangi na kuziba

Praima, kisha rangi nyeupe mikono miwili. Rangi iliyokoza juu ya stairofomu ni hatari kuliko kwenye ukuta mtupu: joto halina pa kwenda, tabaka la nje linachemka, mvua ikija ghafla linapasuka. Silikoni ipite kuzunguka fremu na kila bomba linalopenya. Juu kabisa, pale bodi zinapoishia, hakikisha paa au bati la kufunika linazikinga; maji yakiingia kwa juu, hakuna gundi itakayovumilia.

Mashine ya nje ya AC, dishi na grili vifungwe kwa bolti ndefu zinazofika kwenye tofali, zikipita ndani ya kipande cha bomba la chuma ili stairofomu isibonyee.

Moto

Hapa siwezi kulegeza. Stairofomu hata ikiwa na dawa ni mafuta yaliyogandishwa. London, usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower lilishika moto uliopanda nje ya kuta zilizokuwa zimefunikwa kwa mabati ya alumini yenye plastiki katikati, na nyuma yake bodi za povu. Watu 72 walikufa. Maelezo yote niliyotoa ni ya nyumba ya chini. Ghorofa inahitaji mhandisi na bodi za sufi ya mwamba (rockwool), ambazo haziungui.

Hata kwenye nyumba ya chini, karibu na jiko la mkaa la nje, jenereta, mitungi ya gesi, au pale ukuta wako unapokaribiana na wa jirani, tumia sufi ya mwamba. Juu ya kila dirisha weka ukanda wake wa sentimita 20. Na bodi zikiwa uchi wakati wa kazi, asivute mtu sigara wala kuchomelea grili karibu.

Baada ya kazi

Masika ya kwanza yakiisha, zunguka ukuta asubuhi ukiwa na penseli. Kila ufa uzungushie alama na tarehe. Ulio mwembamba kama unywele na haukui ni wa rangi tu. Unaoingiza ncha ya penseli umefika kwenye wavu, uukate na kuubandika upya kabla ya vuli. Pitia silikoni ya madirisha, gata, na zile sentimita 30 za chini. Ukiona njia ya udongo wa mchwa inapanda, ivunje, weka dawa, urudi kuangalia baada ya wiki.

Watoto wakiutumia ukuta huo kuchezea mpira utabonyea. Kata mraba pale penye jeraha, pachika kipande kipya cha bodi, wavu ukilaliana sentimita 10 na ule wa zamani, kisha rangi. Kwa hiyo zile bodi mbili zilizobaki usizitupe. Zifunge kwenye nailoni nyeusi, uziweke stoo mbali na jiko, pamoja na kipande cha wavu na kopo la rangi ileile.